Hewa na Petroli Katika Injini Ndogo

(Somo hili lilisomwa redioni kwa ajili ya madarasa ya watu wazima ya Njombe na Makambako. Limechapwa hapa kama lilivyosemwa, ili mpate kulisoma polepole, kila mtu peke yake au nyote pamoja darasani.)

 

Nimepokea barua kutoka darasa moja la Makambako. Wanafunzi wameiandika wenyewe kwa mikono yao, na kila neno linasomeka. Wanauliza hivi: Mwenzetu mmoja ana msumeno wa mnyororo. Huku kwetu ulifanya kazi vizuri miezi mingi. Akapata kazi ya kukata miti Mlimba. Kabla ya safari fundi aliupima, petroli ilikuwa safi, na oili ilitiwa kwa kipimo. Siku ya kwanza Mlimba ulikata vizuri sana, hata kuliko ulivyokata Makambako. Siku ya pili, kabla ya saa sita mchana, ukalia kwa sauti nyembamba, ukasimama, na mpaka leo kamba haivutiki. Je, fundi alikosea? Au mwenzetu amerogwa?

Nawashukuru kwa swali hili. Mwenye msumeno huo aliununua kwa fedha za mkopo, na mkopo haungoji vipuri. Basi tulijibu kwa makini. Hakuna aliyemroga mtu, wala fundi hakukosea alipokuwa Makambako. Jibu limo katika hewa.

Kwanza tuelewane juu ya chombo chenyewe. Nasema habari za msumeno wa mnyororo, ambao wengi wetu tunauita chenso. Ukilala Njombe utausikia ukilia tangu asubuhi katika mashamba ya misindano na mikaratusi. Zile mashine za kupasulia mbao, tunazoziita dingdong, zina injini za dizeli na mambo yake ni mengine. Leo hatuzigusi.

Injini ya chenso ni ndogo, mtu huweza kuibeba kwa mkono mmoja. Ndani mna silinda, na ndani ya silinda mna pistoni inayopanda na kushuka. Petroli iliyochanganyika na hewa huingia na kubanwa. Plagi hutoa cheche, mchanganyiko huwaka, na nguvu ya moto ule huisukuma pistoni. Msumeno unapokata, jambo hili hutokea zaidi ya mara 100 katika sekunde moja. Hesabu moja, mbili: umekwisha kuwaka mara 200 na zaidi.

Sasa sikilizeni. Moto hauli mafuta peke yake, hula mafuta pamoja na hewa. Mama anayepikia jiko la mafuta ya taa analijua jambo hili kuliko fundi. Jiko likipata hewa ya kutosha, moto wake ni wa buluu na sufuria haishiki masizi. Matundu ya hewa yakiziba, moto huwa wa njano, moshi huuma macho, na sufuria huwa nyeusi. Mafuta ni yale yale ya jana. Kilichopungua ni hewa.

Je, petroli huhitaji hewa kiasi gani? Kilo 1 ya petroli huhitaji karibu kilo 15 za hewa ili iwake yote. Ndiyo, hewa ina uzito, ingawa hatuuhisi. Lakini sisi hatupimi hewa kwa mizani, basi tuseme kwa mapipa. Ukiwa pwani, ili kuunguza lita 1 ya petroli wahitaji hewa ya kujaza mapipa 45 na zaidi kidogo, yale mapipa makubwa ya lita 200. Mwalimu, tafadhali andika ubaoni: 45 mara 200. Jibu ni 9,000. Lita 1 ya petroli, lita 9,000 za hewa! Mimi nilipoisoma hesabu hii mara ya kwanza sikuisadiki, nikairudia kwa kalamu.

Hesabu hiyo ni ya pwani. Njombe ni mambo mengine.

Fikiri lundo kubwa la majani makavu shambani. Majani ya chini hugandamizwa na yale yaliyo juu yake. Ukilijaza gunia kwa majani ya chini, gunia litakuwa zito. Ukilijaza kwa majani ya juu, gunia ni lile lile, nalo limejaa, lakini ni jepesi. Hewa nayo imelundikana hivyo juu ya dunia. Watu wa pwani wako chini ya lundo. Sisi tuko juu juu. Mji wa Njombe uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na Makambako iko zaidi ya mita 1,600. Mlimba, katika bonde la Kilombero, haifiki mita 500.

Waweza kuyaona haya kwa macho yako. Tazama dukani pakiti za bisi na viazi vya kukaanga vilivyotiwa katika mifuko Dar es Salaam. Zikifika Makambako zimevimba kama puto. Hewa ya pwani iliyofungwa ndani yake inajitanua, kwa sababu huku nje hewa haiigandamizi kama ilivyoigandamiza kule. Na ukiwa na safari ya kuteremka, chukua chupa tupu ya plastiki, ifunge sana hapa Njombe, uiweke katika mkoba. Ukifika chini utaikuta imebonyea pande zote, wala hakuna aliyeikanyaga.

Basi pipa lililojaa hewa ya Njombe lina hewa kidogo kuliko pipa lililojaa hewa ya pwani. Kwa uzito, ni kama sehemu 8 tu katika kila sehemu 10. Ile lita 1 ya petroli iliyotosheka kwa mapipa 45 hivi pwani, hapa Njombe yahitaji mapipa 56 hivi.

Sasa tuitazame kabureta. Kabureta ni mlango ambamo hewa na petroli hukutana. Pistoni ikivuta, hewa hupita kwa kasi katika koo jembamba, na mkondo wake huivuta petroli itoke katika tundu dogo sana, dogo kuliko tundu la sindano ya kushonea. Shida ni kwamba kabureta haina mizani. Ikipata hewa nyepesi, petroli nayo hupungua kidogo, lakini haipungui kwa kadiri hewa ilivyopungua. Kwa hiyo petroli huzidi.

Ndiyo maana msumeno uliopimwa pwani ukiletwa Njombe hutoa moshi mwingi, huguguma, hukabwa ukiuongezea resi, na plagi yake ukiifungua ni nyeusi na imelowa. Ni kama jiko lile la moto wa njano. Fundi mwenye akili huchukua bisibisi, akapunguza petroli kwa skrubu ya kabureta, na msumeno hukata. Hivyo ndivyo alivyofanya fundi wa Makambako, naye alifanya sawa.

Lakini hapa nawaomba mnisikilize vizuri, maana hapa ndipo misumeno mingi ya kwetu hufia bila hata kusafiri. Hata ukiupima msumeno sawasawa kabisa, Njombe hautakuwa na nguvu ya pwani. Karibu sehemu moja katika tano ya nguvu hupotea, kwa sababu hewa yenyewe haipo. Hakuna skrubu inayoweza kuirudisha. Mtu huona msumeno wake mlegevu, akageuza skrubu kidogo, akaona umechangamka. Akageuza tena. Unalia vizuri, kama nyuki. Akageuza tena kidogo. Huyo anaitafuta hewa ndani ya kabureta, na hewa haimo humo. Atakachokipata ni pistoni iliyoungua.

Turudi kwa mwenzetu. Alipanda treni Makambako pamoja na msumeno wake. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, huteremka toka Makambako hadi Mlimba kupitia mahandaki na madaraja mengi, maana ni mteremko wa ukingo wa nyanda za juu kuingia bondeni. Kila handaki alilopita, hewa ilikuwa nzito zaidi. Skrubu ya kabureta ilibaki pale pale fundi alipoiacha. Alipofika, ile petroli iliyotosha hewa ya Makambako ikawa haba kwa hewa ya Mlimba.

Kwa nini basi siku ya kwanza ulikata vizuri kuliko zamani? Kwa sababu hewa iliongezeka, na hewa ndiyo iliyokuwa imekosekana. Nguvu iliongezeka kweli. Mwenye msumeno alifurahi, na kila mmoja wetu angefurahi. Injini yenye petroli haba huchangamka, hulia kwa sauti kali, hupanda mbio mara moja ukiigusa. Ni kama mtu mwenye homa anayesema sana. Ndani yake moto unazidi.

Mambo mawili huiua. La kwanza ni joto. Petroli inapoingia hugeuka kuwa mvuke, na katika kugeuka huko huipoza injini, kama jasho linavyopoza mwili. Ikiwa haba, upozaji hupungua. La pili ni oili, na hili ndilo kubwa. Injini ya gari ina oili yake chini, mahali pake. Chenso haina mahali hapo. Oili yake yote imo ndani ya petroli unayoitia katika tangi. Kwa hiyo ukiipunguza petroli kwa skrubu, umeipunguza oili papo hapo, hata kama katika dumu uliichanganya sawasawa. Pistoni ni ya aluminiamu. Ikipata joto hutanuka, huikwaruza silinda, kisha hushikamana nayo. Mafundi husema injini imenoki. Ndipo kamba haivutiki.

Angefanyaje? Angeipima upya skrubu kule kule Mlimba kabla ya kuangusha mti wa kwanza, aongeze petroli. Ni kazi ya dakika kumi. Na siku ya kurudi Makambako angeipima tena. Sasa tuseme jinsi ya kupima.

Kabla ya kushika bisibisi, safisha chujio la hewa. Naliweka jambo hili mbele ya yote, na nitawaambia sababu, ingawa yanitia haya.

Nilipokuwa kijana, baba yangu mdogo aliniazima chenso yake nikakate kuni za nyumbani. Iliguguma na kutoa moshi. Nilikuwa nimekwisha kuwaona mafundi, nikajiona fundi. Nikageuza skrubu, petroli ikapungua, injini ikachangamka. Jioni nikataka kuirudisha ikiwa safi. Nikafungua kifuniko, nikakuta chujio la hewa limejaa unga wa mbao na utomvu wa misindano. Nikaliosha, nikalikausha, nikalirudisha. Nilijisifu sana moyoni. Kumbe ile petroli haikuwa imezidi. Ni hewa iliyokuwa imezibwa na unga wa mbao, nami nikapunguza petroli ilingane na hewa iliyozibwa. Nilipoizibua hewa, petroli ikawa haba mno. Asubuhi baba mdogo akaenda nayo kwenye miwati yake. Saa nne haikusikika tena.

Aliporudi aliniuliza kama niligeuza kitu. Nikasema sikugeuza. Miaka mingi baadaye nilimwambia kweli, akacheka, akasema aliijua siku ile ile, maana bisibisi yangu ilikuwa pana kuliko skrubu na ilikuwa imeacha alama. Lakini mwaka ule hakununua msumeno mwingine. Alikata kwa shoka.

Basi: chujio kwanza. Kisha tazama kama boliti za kabureta zimekaza na kama mpira unaoleta petroli haujapasuka. Hewa ikiingia kwa mlango wa wizi, injini itaonyesha dalili za petroli haba, nawe ukiongeza petroli kwa skrubu utakuwa umefunika ugonjwa. Tazama pia petroli yenyewe. Iliyokaa miezi mingi katika dumu, au iliyoingia maji, haifai kupimia.

Kisha soma kitabu cha mashine. Sasa mnajua kusoma. Msiache kitabu hicho kikawashia moto jikoni. Humo mtaona skrubu tatu zikitajwa. Ya H ni ya mwendo mkubwa, yaani wakati wa kukata. Ya L ni ya mwendo mdogo. Ya tatu, ambayo viwanda vingine huiandika LA au T, ni ya silensa, yaani mwendo wa injini usipogusa resi. Katika H na L, ukigeuza upande ambao mshale wa saa huenda, unapunguza petroli. Ukigeuza kinyume chake, unaongeza. Misumeno mingine mipya ina kompyuta ndogo inayopima yenyewe, haina skrubu za H na L. Mwenye msumeno wa namna hiyo asitafute kisichokuwapo.

Ikiwa skrubu zimekwisha kuchezewa na hujui zilipo, zifunge zote mbili polepole mpaka ziguse. Usikaze, ncha zake ni laini. Kisha zifungue mzunguko mmoja. Hapo ni pa kuanzia kwa misumeno mingi, lakini kitabu chako kikisema vingine, fuata kitabu.

Washa injini, iache ipate moto. Hili ni muhimu sana kwetu, kwa sababu asubuhi za Juni na Julai, sakitu ikiwa imelala majanini, injini baridi hudanganya. Weka msumeno chini mahali pasipo na mchanga, mnyororo usiguse kitu, watoto wawe mbali.

Anza na L. Igeuze taratibu huku na huku mpaka usikie mahali ambapo mwendo mdogo ni wa kasi zaidi, kisha rudi kidogo upande wa kuongeza petroli. Gusa resi. Injini ipande mara moja bila kusita. Ikisita kama mtu anayemeza mate, petroli ya L bado haba. Kisha geuza skrubu ya silensa mpaka injini iunguruma yenyewe na mnyororo umesimama kabisa. Mnyororo ukizunguka nawe hujagusa resi, usiutumie msumeno huo. Umekata miguu ya watu.

Sasa H. Hapa sikio ndilo kipimo. Fungua resi yote kwa sekunde chache tu. Petroli ikiwa haba utasikia sauti moja nyembamba, kali, isiyokatika. Usiipende sauti hiyo. Ongeza petroli kidogo kidogo, mpaka sauti ianze kukatikakatika, kama mtu anayesukutua maji kooni. Hapo pana petroli ya akiba. Sasa kata gogo. Msumeno ukiingia katika mti, injini hupata mzigo, na ule mkatiko hutakata ukawa sauti nzito iliyo laini. Ukiutoa katika mti, mkatiko hurudi. Msumeno wa namna hiyo umepimwa. Ikiwa ndani ya mti bado unaguguma, petroli imezidi, punguza kidogo sana. Ikiwa nje ya mti haukatikikatiki hata kidogo, ongeza.

Baada ya kukata kwa muda, zima, ngoja ipoe, fungua plagi. Rangi ya kahawia, kama maganda makavu ya miwati, ni njema. Nyeusi yenye kulowa ni petroli nyingi. Nyeupe kama chokaa ni hatari.

Mtu aweza kuuliza: kwa nini niache petroli ya ziada? Petroli ni fedha. Nitajibu kwa mfano wa injini iliyo ndogo kuliko hii. Katika nchi nyingi kuna watu wanaounda ndege ndogo za mfano, za mabawa ya mbao nyepesi, na kuzirusha uwanjani. Nyingine zina injini ambayo waweza kuificha kiganjani. Haichomi petroli. Huchoma spiriti ya methanoli, na wengi huichanganya na mafuta ya nyonyo, yale yale ya mbarika inayoota nyuma ya nyumba zetu, kwa sababu mafuta hayo huvumilia joto kali. Kama chenso, injini hiyo haina oili mahali pengine. Inachopata ni kile kilichomo katika mafuta yake. Na kabureta yake ina sindano moja ya kugeuza.

Mwenye ndege huipima chini, angali ameishika. Hugeuza sindano mpaka injini ifikie mwendo wake wa mwisho, kisha huirudisha kidogo upande wa mafuta mengi, hata mwendo upungue kwa sikio. Halafu huinua pua ya ndege juu mbinguni. Tangi sasa liko chini ya injini, na mafuta hupanda kwa shida. Mwendo ukianguka, mafuta ni haba, huongeza. Wengine huuminya mpira wa mafuta kwa vidole, kufumba na kufumbua: injini ikipanda mbio kabla ya kulegea, kulikuwa na akiba, ikilegea mara moja, hakukuwa na akiba. Hufanya hayo yote kwa sababu ndege ikisha kuruka hawezi kuifuata angani na bisibisi. Injini iliyopimwa mpaka mwisho ikiwa mkononi itakufa ikipanda, na ndege itaanguka.

Chenso yako nayo hupanda na kushuka. Kutoka Njombe mpaka Makambako ni kama kilomita 60 tu, na tofauti ya hewa ni ndogo. Yule aliyeacha akiba kidogo katika H hatapata madhara, ingawa ni vizuri asikilize. Makambako mpaka Mlimba, au mpaka pwani, akiba hiyo haitoshi. Pima upya.

Wenye pikipiki za kabureta, hewa huzifanya vivyo hivyo. Lakini pikipiki nyingi za siku hizi zina oili yake peke yake chini ya injini, kwa hiyo petroli ikiwa haba huzinyima nguvu na kuzipa joto bila kuzinyima oili. Wa chenso hana nafasi hiyo.

Hesabu ya leo, kwa daftari. Kitabu cha msumeno mmoja kinasema oili sehemu 1 kwa petroli sehemu 50. Lita 1 ina mililita 1,000, basi kila lita ya petroli hutiwa mililita 20 za oili. Dumu la lita 5 za petroli litatiwa mililita ngapi? Msumeno wa zamani wa jirani hutaka sehemu 1 kwa 25. Dumu lake la lita 5 litatiwa ngapi? Msiangalie chini kabla ya kuandika.

Jibu la kwanza ni mililita 100. La pili ni mililita 200. Tia oili kwanza, kisha petroli, funga dumu, litikise. Na usijaze tangi la msumeno ulio moto.

Kwa ndugu wa Makambako walioandika: mpelekeeni mwenzenu somo hili. Fundi akisha kutia pistoni na silinda mpya, asiwashe kabla ya kuchunguza kama hewa haiingii kwa mlango wa wizi, maana hilo nalo laweza kuwa lilisaidia kuuua. Kisha afungue H robo mzunguko zaidi ya alivyodhani, aanzie hapo, asikilize.

Kipindi kijacho tutafungua tangi na chujio la petroli. Mwenye kabureta iliyokufa nyumbani ailete darasani, tuifungue pamoja.

Kwaherini.